Kadi za Daktari Dimelo na Gundi ya Maalim

Siku niliyokabidhi funguo za chumba cha kumbukumbu za wagonjwa, kijana mmoja wa kompyuta aliniuliza kwa upole, kama mtu anayemwuliza babu yake habari za vita, tulikuwa tukifanya kazi na nini kabla ya mashine kufika. Nilimwambia mashine ilikuwapo. Ilikuwa sanduku la viatu, kadi za karatasi ngumu na sindano ya kufumia sweta. Ilimsaidia daktari kuamua mgonjwa anaumwa nini, haikutumia umeme, na haikuwahi kuniambia nisubiri kwa kuwa inafikiri. Alicheka akidhani ni utani wa wazee. Nimeandika kurasa hizi kwa ajili yake, na kwa wenzake waliocheka naye.

Vyeo vyangu nitaviruka, maana havijazi ukurasa. Mshahara wangu ulikuwa mdogo wa huu wenu, baba mmoja mama mmoja. Habari za kompyuta yetu ya kwanza, ile iliyotengewa chumba chenye ubaridi ambao hakuna mgonjwa wetu aliyewahi kuuonja, mnazijua kuliko mimi. Nitakaa kwenye miaka ya hamsini, Kaloleni ya Nairobi, wakati mtaa wa Jericho haujajengwa na upande ule ulikuwa nyasi na vyura.

Baba alikuwa msimamizi wa mifereji ya baraza la mji, na chumba chetu kilikuwa cha baraza. Mama alitangulia, baba akafuata mvua zilipokwisha. Mimi ndiye kifungua mimba, kwa hiyo nilitoka darasa la sita kalamu yangu ikiwa bado na wino. Nyuma yangu walikuwapo Rebeka, Musa na Timina. Matanga yalipokwisha, ndugu wa baba na wa mama waliokuja kutoka Bunyore walikaa kikao cha kutugawa. Kila mmoja alimtaka Rebeka kwa kuwa alijua kupika. Timina aliombwa na wawili. Musa hakuombwa na mtu, kwa kuwa walikuwa wamekaa naye mezani wiki nzima wakamwona anavyokula. Nikasema hatugawanyiki. Baba mdogo akaniuliza nitawalisha nini. Nikajibu kwamba hilo ni swali la kesho, na leo tulikuwa na ugali.

Kesho yenyewe ilikuja na karani wa nyumba wa baraza, mtu mfupi aliyevaa kofia ndani ya nyumba.

"Chumba hiki ni cha mfanyakazi wa baraza," alisema. "Mfanyakazi amekufa. Kuna mwingine?"

"Yuko," nikasema.

"Nani?"

"Mimi."

"Unafanya kazi gani?"

"Hiyo ndiyo naitafuta."

Alinitazama, akawatazama wadogo zangu waliopangana kitandani kama vikombe, akavua kofia kwa mara ya kwanza. Alinipa hadi mwisho wa mwezi. Kuanzia hapo nilijua hesabu yote ya maisha yangu: nikipata kazi ya baraza, chumba kipo na sisi wanne tupo. Nikiikosa, Rebeka anaondoka na shangazi, Timina na mjomba, na Musa sijui na nani.

Kazi niliipata katika zahanati ya baraza iliyokuwa upande wa pili wa uwanja. Walitaka mtu anayejua kusoma na mwenye mikono mikavu. Wa pili kwenye foleni alisoma vizuri kuliko mimi, lakini alitoka jasho viganjani. Hivyo ndivyo nilivyoingia katika utaalamu wetu huu, na mkiniuliza sifa ya kwanza ya mtunza kumbukumbu, bado nitawajibu vivyo hivyo.

Daktari wetu, Dimelo, alikuwa Mgoa, Mhindi wa asili ya Goa, mwembamba, kutoka Eastleigh, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja. Siku ya kwanza hakuniuliza jina. Alinionyesha sanduku la viatu, akaniuliza, "Unaona nini?" Nikamwambia naona sanduku la viatu. "Hapana," alisema, "humu mna magonjwa yote ya Nairobi." Nikarudi nyuma hatua moja, akafurahi sana.

Kila ugonjwa ulikuwa na kadi yake. Kandokando ya kadi palikuwa na matundu madogo, na kila tundu lilikuwa dalili moja: homa, kikohozi, kuhara, kuumwa viungo, na kuendelea. Kama ugonjwa huo huleta homa, tundu la homa lilikatwa hadi ukingoni kwa koleo kama la mkata tiketi wa reli, likawa pengo, mfano wa jino lililong'oka. Kama hauleti homa, tundu liliachwa zima. Basi mgonjwa akisema ana homa, unazishika kadi zote pamoja, unapitisha sindano katika tundu la homa, unainua na kutikisa. Kadi zenye pengo zinaanguka mezani, zisizo na pengo zinabaki zikining'inia. Unaokota zilizoanguka, unauliza dalili ya pili, unapitisha sindano tena. Mwishowe mezani zinabaki kadi mbili tatu, na daktari anajua pa kuanzia kufikiri.

Daktari alikuwa ameyapata haya katika majarida yaliyomfikia kwa meli, akiyasoma wakati wa chai na kuyatia alama za vikombe. Alinisimulia kwamba huko Ulaya na Marekani wataalamu walikuwa wameanza kubishana kama kufikiri kwa daktari kunaweza kutobolewa kwenye karatasi. Mmoja alitumia vijiti vya kupanga kama rula. Mwingine alitaka uwezekano wa kila ugonjwa upigiwe hesabu. Wengine walikuwa wakingoja mashine za umeme zenye ukubwa wa chumba zije zimalize hesabu hizo. Nilimwuliza kama iko siku kadi zitachukua kazi yake.

"Kadi haiamui, Zakayo," alisema. "Kadi inakumbusha. Mimi alasiri, nikiwa nimekwisha kuona watu wa Kaloleni, Makongeni na Shauri Moyo, kichwa changu kinajua malaria tu. Kadi haichoki."

Tangu siku hiyo nimeona jambo hili likipewa jina jipya kila baada ya miaka michache, na ubishi wake ukibaki uleule. Mkimsikia mtaalamu akisema mashine iko karibu kumwondoa daktari, mpeni kiti na chai. Wenzake walifika zamani.

Sindano ilikuwa ya mke wa daktari. Daktari aliichukua siku moja kuijaribu na hakuirudisha, kwa hiyo sweta aliyokuwa akifumiwa ilibaki na mkono mmoja. Julai ilipofika na baridi yake, aliivaa hivyohivyo. Wagonjwa walidhani ni mtindo wa Goa.

Hiyo sindano ilituletea matatizo ambayo majarida hayakuyataja. Watu wa miaka ile waliamini kwamba matibabu ni kuchomwa. Ukitoka zahanati bila kuchomwa umetoka sokoni bila kununua kitu. Mzee mmoja wa Makongeni alipoiona sindano yetu, ndefu kama mkono wa mtoto, alikunja suruali taratibu, akauliza, "Hiyo inaingia wapi?"

"Kwenye karatasi, Mzee," nikasema.

Akashusha suruali kwa hasira. "Nimetoka Makongeni kwa miguu ili karatasi ichomwe sindano?"

Tatizo la pili lilitoka Industrial Area. Vibarua wa kiwanda kimoja cha sabuni waliligundua jambo ambalo nasikia wataalamu wa leo wanaliandikia vitabu: mashine huamini inachoambiwa. Wa kwanza alijibu maswali kwa bahati tu, akaangukiwa na kadi ya ugonjwa unaohitaji mapumziko marefu. Alirudi kazini akawafundisha wenzake majibu. Wiki iliyofuata walikuja wamepangana, kila mmoja ameshika mgongo, macho wameyalegeza kwa namna moja, na kila mmoja alijibu kabla sijamaliza kuuliza. Daktari alipekua kitabu chake akanionyesha: ugonjwa waliokuwa nao huwapata zaidi wavuvi wa nchi za barafu. "Waulize kama wamekula samaki mbichi," alinong'ona. Nikawauliza. Wakatazamana. Swali hilo walikuwa hawajafundishwa, na yule wa mwisho kwenye foleni akajibu kwamba yeye hata wa kukaanga hampendi.

Sasa nimlete Maalim Athumani, maana bila yeye hakuna hadithi.

Maalim alikuwa mtu wa Pumwani, Mswahili wa ukoo uliotoka Pwani zamani, na jioni zake alizitumia kujalidi na kutengeneza misahafu iliyochakaa. Mchana alikuwa mwangalizi wa stoo yetu na mtengenezaji wa mafaili. Ninachokijua kuhusu karatasi amenifundisha yeye. Alinifundisha kwamba karatasi ina upande wake wa kulala, kama mtu, na ukiikunja kinyume itakununia milele. Alinifundisha nisilambe kidole kabla ya kufunua ukurasa. "Kitabu si mchuzi," alikuwa akisema. Alinifundisha kupika gundi ya unga wa ngano na shabu kidogo, lile jiwe jeupe la wanyozi, moto mdogo, kijiti kikizunguka upande mmoja tu. Kwa nini upande mmoja, sijui hadi leo, lakini nimestaafu sijawahi kuikoroga upande wa pili.

Adui yake alikuwa panya. Stoo ilijaa panya, na sote tulijua wanafuata unga wa gundi yake, ila hakuna aliyethubutu kulisema mara mbili. Nililisema mara moja.

"Panya hawafuati unga wangu," Maalim alinijibu. "Wanafuata uvivu wenu."

Siku ile ya kwanza kadi zilikuwa bado nzima, kama zilivyotoka ng'ambo. Tulipozikata mapengo na kuanza kuzitumia, Maalim alikuwa ameshanifundisha kazi na kwenda likizo ndefu Mombasa kumwoza binti yake. Aliporudi, harusi ilikuwa bado usoni pake, na sisi tulikuwa tumepagawa. Mkaguzi kutoka makao makuu alikuwa anakuja Jumatatu kuzitazama kadi. Kazi yangu ilikuwa ya majaribio, imefungwa kwenye kadi zile kama mbuzi kwenye mti. Karani wa nyumba alikuwa amenieleza mapema: Mkaguzi akizikubali kadi, nitaandikwa, akizikataa, kazi imekwisha, na chumba nacho kimekwisha. Rebeka alifua shati langu Ijumaa, akalifua tena Jumamosi ingawa nilikuwa sijalivaa.

Jumamosi mchana daktari hakutaka kuacha sanduku kwenye chumba chake ambacho kufuli lake lilifunguka kwa kijiko. Alimkabidhi Maalim mkononi. "Maalim," alimwambia, "hizi ni roho yangu. Zitunze kama misahafu yako."

Basi. Kosa lote ni hilo, na halikuwa la Maalim.

Jumatatu Mkaguzi alifika mapema, mzungu mkubwa mwenye masharubu ya rangi ya chai na Kiswahili cha kuagizia jikoni. Daktari alikuwa amesema mgonjwa wa kuonyeshea awe yeyote atakayekuwa mbele ya foleni, isije ikasemwa tumechagua. Mbele ya foleni alikuwa Mama Atieno, muuza mboga, jirani yetu wa ukuta mmoja. Tulikuwa tukimsikia akikohoa, naye akimsikia Musa akiomba kuongezwa ugali. Alikuwa amejifunika leso mbili na anatetemeka kweli. Alipoona mimi ndiye nimesimama kando ya meza, akajua siku yenyewe ndiyo hii, kwa sababu Rebeka alikuwa amemwambia kila kitu kupitia ukutani.

Maalim aliingia na sanduku limefungwa kwa kitambaa cheupe, akaliweka mezani, akarudi nyuma na kukunja mikono. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyefanya hisani na hataki kutajwa, ila anangoja atajwe.

"Mama, una homa?" daktari aliuliza.

"Ndio."

Daktari akazishika kadi, akapitisha sindano, akainua. Hakuna kilichoanguka. Akatikisa. Akatikisa kwa nguvu, mpaka miwani ikashuka puani. Kadi zote zilining'inia pamoja zimetulia kama popo.

"Tujaribu kichwa," alisema. "Mama, kichwa kinauma?"

"Kinauma sana."

Sindano ikapita, ikainuka. Kimya.

"Viungo?"

"Hivyo viungo pia."

Kimya tena. Daktari alianza kutoka jasho viganjani, nikawaza kwamba mtu huyu asingepata kazi yangu.

Mkaguzi akainama. "Hii kitu nasema nini?"

"Inasema..." daktari akairudisha miwani machoni. "Kwa sasa inasema hakuna ugonjwa."

Mama Atieno akamgeukia polepole. "Hakuna ugonjwa gani?"

"Hakuna wowote, Mama."

"Mimi?"

"Kwa mujibu wa kadi."

"Basi hiyo kadi ije itetemeke badala yangu," alisema Mama Atieno, "mimi nirudi kwa meza yangu, sukuma wiki yangu inanyauka."

Nilichukua kadi ya malaria nikaitazama. Mahali pa pengo la homa palikuwa na karatasi. Palikuwa laini, pamepigwa pasi, na nyuzi za karatasi zimeelekea upande wake wa kulala. Hata tundu lilikuwapo, duara safi, limetobolewa upya katikati ya kiraka. Nikachukua nyingine. Nikachukua ya kuhara damu. Zote zilikuwa nzima kama siku zilipozaliwa. Nilijua mkono ule, maana ndio ulionifundisha. Nikainua macho kwa Maalim.

"Panya," Maalim akasema kwa unyenyekevu. "Walikuwa wamezila zote, Daktari. Mimi nimeishi na panya miaka mingi, sijapata kuona wenye bidii kama hawa. Wamezunguka kingo zote, meno yametoshana. Sikulala vizuri mpaka nilipozitibu zote."

Daktari akaketi. Alikosa kiti, akaketi kwenye ndoo ya takataka.

"Maalim," alisema kwa sauti ndogo, "hayo mapengo tuliyakata sisi."

Maalim alimtazama, akanitazama mimi, akamtazama tena yeye. "Nyinyi ndio mlioziuma?"

"Kwa koleo."

"Mtu mzima. Amesoma. Anaagiza karatasi nzuri kutoka ng'ambo, kisha anaikata kingo." Akatikisa kichwa. "Ungeniambia nikulindie na koleo lako pia."

Mkaguzi alitaka kuelezwa. Daktari alimweleza kwa Kiingereza akiwa bado ndooni, na mimi nilikuwa nikiyatazama masharubu kama mtu anayetazama wingu juu ya nguo zilizoanikwa. Niliwaza Rebeka na shangazi. Niliwaza Timina akipanda gari moshi na mjomba asiyemjua. Nilimwaza Musa, nikakosa pa kumweka hata katika mawazo.

Masharubu yalitikisika. Mkaguzi alichukua kadi moja, akaipeleka dirishani kwenye mwanga, akapitisha ukucha kwenye kiraka. "Unga?" alimwuliza Maalim.

"Wa ngano, Bwana. Na shabu."

"Mvuke natoa?"

Maalim akasimama wima. "Mvuke unaitoa gundi ya mtu yeyote. Yangu pia, ikiombwa vizuri. Lakini sijawahi kubandua kazi yangu mwenyewe nikiwa hai."

Ndipo tulipojua kwamba Mkaguzi hukusanya stempu, na kwamba Jumapili zake zote huzitumia juu ya birika akizibandua kwenye bahasha. Alivua koti. Aliagiza sufuria kubwa ya chai iletwe kutoka jikoni ikiwa inachemka, na wakaanza, yeye upande huu na Maalim upande ule, wakibishana kama wake wenza kuhusu umbali wa kadi na mvuke.

"Karibu sana, Bwana, unaipika," Maalim alisema.

"Wewe nangoja mingi, nakauka," Mkaguzi alijibu.

Mimi nilipokea kadi zilizobanduliwa, nikazibana kwa vibanio kwenye kamba ya bendeji. Foleni ya nje ilisikia harufu ya chai, ikasogea dirishani. Mtu akauliza leo kuna nini. Mwingine akamjibu kwamba wazungu wanapika karatasi. Mama Atieno alibaki kwenye kiti chake katikati ya yote hayo, leso hadi masikioni, akitoa maoni. "Hiyo ya pembeni imeiva," alisema mara moja, na kweli ilikuwa imeiva.

Jua lilikuwa limepanda tulipozirudisha kadi mkononi mwa daktari. Zilikuwa zimelegea na zinanuka tangawizi. Alipitisha sindano kwenye tundu la homa, akainua, na kadi zikaanguka mezani kwa sauti ya mandazi mabichi. Kichwa: zikaanguka. Viungo: zikaanguka. Homa hupanda na kushuka? Mama Atieno akasema ndio. Mwishowe zilibaki mbili: malaria, na homa ya papasi, wale wadudu wa sakafu za udongo.

"Kipimo cha damu kitatuambia ni ipi," daktari alisema, na uso wake uling'aa kuliko wa Maalim aliporudi kutoka harusini. Mkaguzi akapiga makofi. Maalim akapiga makofi, ingawa kwa shingo upande. Dirisha zima likapiga makofi bila kujua kwa nini.

Kisha Mkaguzi akavuta kiti, akaketi mbele ya Mama Atieno. Niliona ameshika kalamu. "Mama," alisema, "sema kweli. Hii kitu nasaidia wewe, ama hapana?"

Mama Atieno alishusha leso masikioni. Alimtazama Mkaguzi, akayatazama makoti yaliyolowa, sufuria, kamba ya bendeji. Halafu akanitazama mimi, shati langu lililofuliwa mara mbili, na nikajua anasikia ndani ya kichwa chake ukuta wetu ukinyamaza.

"Bwana," alisema, "mimi nimeenda hospitali nyingi hapa Nairobi. Ukienda moja unaambiwa huna kitu. Ukienda ingine unaambiwa uko karibu kufa. Hapa, kiti moja, asubuhi moja, wameniambia zote mbili. Hiyo kazi waendelee nayo."

Mkaguzi alicheka mpaka masharubu yakatenda kazi ya kitambaa cha machozi. Aliandika, akanyanyuka, akatangaza kwamba kadi ziendelee, kijana aandikwe, na huyu mzee wa gundi aende makao makuu awafundishe watu wake, lakini kwanza aonyeshwe koleo ni kitu gani. Tulimsindikiza wote hadi kwenye gari. Daktari alimfungulia mlango. Maalim alimpa kipande cha shabu kilichofungwa kwenye karatasi, kwa ajili ya stempu.

Mimi nilivuka uwanja mbio. Sikumbuki nilivyowaambia; nakumbuka Rebeka aliketi sakafuni ghafla, Timina akamwuliza kama tunahama, na Musa, aliposikia hatuhami, akauliza kama basi tutakula mapema. Nilitoka nje kuvuta pumzi. Mama Atieno alikuwa ameketi kwenye kizingiti chetu, ameegemea mlango.

"Umewaambia?" aliuliza.

"Nimewaambia, Mama. Chumba ni chetu. Sijui nikushukuru vipi."

"Vizuri. Nimefurahi sana, mwanangu." Meno yake yaligongana. "Nimekaa kwa hiyo kiti asubuhi yote. Nimewatetea chumba mbele ya mzungu. Mmepiga makofi, mmesindikiza gari. Na homa yangu niko nayo bado."

Nilirudia asubuhi yote kichwani, nikaitafuta damu iliyotolewa, nikaitafuta dawa, nikaitafuta hata pole. Hatukuwa tumempa kitu. Kadi ziliamua, sisi tukafurahi, na mgonjwa akarudi nyumbani kwa miguu na magonjwa yake yote mawili.

Tulivuka uwanja pamoja, polepole. Alikataa kuegemea bega langu mpaka tulipofika katikati, kisha akaegemea. Daktari alikuwa akifunga mlango aende chakula cha mchana, anapiga mluzi. Alipomwona Mama Atieno, mluzi ulikatika. Alifungua tena, akamsogezea kiti, na kwa mazoea mkono wake ukaenda kwenye sanduku la kadi.

Mama Atieno akaweka kiganja juu ya kifuniko. "Hii iache ikauke."

Daktari akaliondoa sanduku, akanipa mimi nilishike. Alivuta kiti chake hadi magoti yao yakakaribiana, akamshika mkono penye mshipa, akavua miwani yake ya uzi.

"Mama," alisema, "unaumwa wapi?"

Mama Atieno akaketi vizuri, akaipanga leso yake mabegani kama mtu mwenye safari ndefu.

"Haya," alisema. "Sasa tuanze."